Mtoto mchanga hatulii kwenye mbeleko: dalili na chanzo chake

Mshike mtoto mchanga kifuani bila kitambaa chochote, kama unavyomshika akimaliza kunyonya. Sasa angalia mikono yako imekwenda wapi. Mmoja umepita chini ya makalio ukabeba na mapaja. Mwingine umelala juu mgongoni, vidole vikifika karibu na shingo. Magoti yake yamepanda yenyewe kama ya chura, mgongo umejikunja kidogo, shavu limelala kifuani kwako.

Kibebeo chochote, kiwe kanga ya nyumbani au kile cha mikanda kinachouzwa dukani, kina kazi moja tu: kufanya kile ambacho mikono hiyo miwili inafanya. Nimelea watatu, na mtaani kwetu wazazi wapya hunijia na mtoto anayelia na kitambaa kimebebwa begani. Wengi wameshaamua kuwa mtoto huyu “hapendi kubebwa”. Mimi huwa nauliza mkono upi umekosekana. Karibu kila shida iliyo hapa chini inajibiwa na swali hilo.

Ninasema habari za mtoto tangu kuzaliwa hadi miezi mitatu, minne, yaani kabla shingo haijakaza. Huyu abebwe mbele, akiwa wima, uso ukiwa karibu na wako. Najua wapo wanaofunga mgongoni mtoto wa wiki tatu, na mama zetu wamefanya hivyo na tukakua. Ila mgongoni humwoni, na mtoto wa umri huu hawezi kujinyanyua kichwa kikimwangukia vibaya. Ngoja shingo.

Kidevu kimegusa kifua, au anakoroma

Naanza na hili kwa sababu halisubiri. Mengine yote unaweza kuyarekebisha kesho.

Njia ya hewa ya mtoto mchanga ni nyembamba na laini, na kichwa chake ni kizito kuliko shingo inavyoweza. Kichwa kikishuka mpaka kidevu kikalala kifuani, njia ile inakunjika kama mpira wa kumwagilia maji ulioukunja kwa mkono. Maji yanapungua, au yanakatika. Kinachotisha ni kwamba mtoto halii. Anakuwa kimya, na mama anafurahi kwamba hatimaye amelala.

Mwaka 2010 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitoa onyo kuhusu vibebeo vya kombeo, yaani vile vya kitambaa vinavyoning'inia begani upande mmoja. Ilikuwa imekusanya taarifa za vifo visivyopungua 14 katika miaka 20, na 12 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wa chini ya miezi minne. Onyo lilitaja mambo mawili: mtoto kujikunja ndani ya kitambaa mpaka kidevu kikabana kifua, na pua kuzibwa na kitambaa au mwili wa aliyembeba.

Pima hivi. Vidole vyako viwili vipite kati ya kidevu na kifua chake. Uso wake uuone ukiinamisha macho tu, bila kufunua chochote. Utosi uwe karibu kiasi cha kuubusu ukiinama kidogo. Kimoja kikishindikana, mtoe kwanza. Usijaribu kurekebisha akiwa ndani.

Chanzo mara nyingi ni kitambaa kilicholegea. Mkono wa juu umekosekana, mgongo wa mtoto umeporomoka, na kichwa kikafuata. Mama wengi hulegeza kwa huruma wakidhani wanambana, kumbe kulegeza ndiko kunakomzibia hewa. Chanzo kingine ni kumlaza ndani ya kitambaa kama yuko kwenye machela. Mkao huo unapendeza kwenye picha, lakini kwa mtoto wa wiki mbili mimi siukubali hata kidogo. Ukimnyonyesha ndani ya mbeleko, akimaliza tu mpandishe tena awe wima.

Na ile kanga tunayomfunika usoni asipigwe na vumbi au jicho la watu, itoe. Mwavuli au kofia vinatosha, na vumbi likizidi, geuka ulipe mgongo.

Kwa ngozi yetu nyeusi, mtoto akikosa hewa hutaona bluu shavuni. Fungua mdomo, tazama ulimi na fizi. Na kama umemtoa, amelala mikononi mwako vizuri, na bado anaguna kila akipumua, au kifua kinadidimia chini ya mbavu, au ukihesabu kwa dakika nzima akiwa ametulia anapumua mara 60 au zaidi, au amekataa kunyonya, hapo hakuna habari ya kitambaa. Mpeleke kituo cha afya muda huo huo.

Analia mara tu unapomfunga

Anza na ya kawaida: njaa, nepi, hewa tumboni. Hayo unayajua.

Baada ya hapo, jiangalie wewe. Mama aliye mgeni na kitambaa husimama mbele ya kioo dakika tano, anavuta huku, analegeza kule, mtoto ananing'inia nusu ndani nusu nje. Mtoto yeyote atalia. Jifunze kwanza na kifurushi cha unga cha kilo mbili kilichoviringishwa kwenye taulo, mpaka mikono ijue njia. Halafu jaribu na mtoto aliyeshiba na kuamka vizuri, wala usisubiri alie ndipo uchukue kanga. Ukishamfunga, usisimame. Tembea. Watafiti wa Japani walipima mapigo ya moyo ya watoto wachanga wakabaini kwamba mama akianza kutembea naye mkononi, mapigo yanashuka na kilio kinapungua ndani ya muda mfupi. Akiketi, mtoto anaanza tena. Hiyo si tabia mbaya wala deko. Ndivyo alivyoumbwa.

Kuna utafiti mwingine wa Montreal, Kanada, uliochapishwa mwaka 1986. Watoto waliobebwa kwa saa nyingi zaidi kila siku, hata wakiwa hawalii, walipofika wiki sita walikuwa wanalia kwa asilimia 43 pungufu ya wenzao. Kwa hiyo ukiambiwa “unamzoesha mikono”, itika kwa adabu na uendelee kumbeba.

Kama analia na kujikakamaa, akisukuma kwa miguu, tazama nyayo zake. Zikiwa zimekanyaga ukingo wa kitambaa au mkanda, atasukuma kila mara, kwa sababu mtoto mchanga akiguswa chini ya unyayo hunyoosha mguu. Nyayo ziwe hewani.

Kama kitovu hakijaanguka, chunguza fundo au kibanio kinachogusa tumboni. Fundo lihamie ubavuni.

Na kama kanga ni mpya, imetoka dukani na dondo lake, ifue kwanza mara mbili tatu. Kitambaa chenye dondo ni kigumu kwenye shavu la mtoto, na fundo lake halishiki.

Miguu inaning'inia

Hili lilinikuta mimi kwa mtoto wangu wa pili. Nilinunua kibebeo cha mikanda kwenye mitumba, safi kabisa, rangi ya bluu ya bahari, nikajiona nimepata. Mtoto alikuwa na wiki tano. Kila nikimbeba analia baada ya robo saa, nikajua ni joto. Siku moja nikaenda naye kwa shangazi. Nikamwamkia, akaitikia, akaninyamazia kidogo huku akimtazama mtoto. Kisha akasema:

“Mwanangu, huyu hujambeba. Umemtundika.”

Akaingiza kiganja chini ya makalio ya mtoto, akamwinua kidogo, magoti yakapanda. Mtoto akanyamaza hapo hapo, mkono wa shangazi ukiwa bado pale. Nikaona mwenyewe. Kiti cha kile kibebeo kilikuwa chembamba kama kiganja, uzito wote wa mtoto ulikaa kwenye nyonga na sehemu za siri, na miguu ilining'inia kama soli za viatu vilivyoanikwa. Mkono wa chini ulikuwa haupo.

Nyonga ya mtoto mchanga bado ni gegedu, yaani mfupa laini ambao haujakaza, kwa sehemu kubwa. Ikikaa magoti yamepanda na mapaja yamefunguka, kichwa cha fupa la paja kinatulia ndani ya kikombe chake. Miguu ikivutwa chini ikanyooka kwa saa nyingi kila siku, kile kichwa kinasukumwa kutoka nje. Madaktari wa mifupa wa hospitali moja ya Blantyre, Malawi, walipitia kumbukumbu zao za miaka kumi, watoto zaidi ya 40,000, wasimpate hata mmoja aliyeletwa kwa nyonga iliyoteguka ya kimaumbile. Wao wanadhani kubebwa kwa mbeleko, mapaja yakiwa yamemkumbatia mama, kuna mchango wake. Ninapoisoma habari hiyo nawakumbuka bibi zetu.

Unachotafuta ni umbo la herufi M: magoti juu kidogo kuliko makalio, kitambaa kikifika kutoka nyuma ya goti moja hadi nyuma ya goti jingine. Usiyafungue mapaja kwa nguvu. Mtoto mchanga hufunguka kiasi chake, na kitambaa kimfuate yeye.

Kama umeshanunua kile chembamba na huna pesa ya kingine, chukua mtandio, uzungushe kwenye kiti cha kibebeo kwa nje, uutandaze kutoka goti hadi goti, uufunge nyuma ya kiuno chako. Mkono wa chini umerudi. Nilifanya hivyo kwa miezi miwili.

Vidole vya miguu kuwa vya baridi peke yake si tatizo, wachanga wengi wako hivyo. Vikiwa vimebadilika rangi au ukaona alama iliyozama nyuma ya goti, ukingo wa kitambaa unakata damu. Ulegeze hapo tu, si kila mahali. Mtoto aliyekaa tumboni ametanguliza makalio, au ambaye katika ukoo wake kuna aliyezaliwa na nyonga yenye shida, mwambie daktari azipime nyonga hata kama unambeba vizuri.

Baada ya nusu saa ameshuka mpaka kitovuni kwako

Hapa kuna vyanzo vitatu na vinafanana kwa macho.

Cha kwanza ni kitambaa chenyewe. Satini na kitenge cha kung'aa chenye nailoni vinateleza, pamba haitelezi. Kitambaa cha kuvutika kama cha fulana kinamfaa mtoto wa wiki za mwanzo, lakini kadiri anavyoongeza kilo kinanyooka na kushuka naye. Unapoona unakaza mara tatu kwa siku, muda wake umekwisha.

Cha pili ni ulegevu uliojificha. Umekaza fundo kwa nguvu zote, lakini kitambaa cha mgongoni kwako au pembeni mwa mtoto bado kina mikunjo. Mtoto akipumua na wewe ukitembea, ile mikunjo inamfikia. Kaza ukingo mmoja mmoja: wa juu, wa katikati, wa chini, kama unavyotandika shuka, halafu ndipo ufunge.

Cha tatu ni urefu. Kanga moja ina kama mita moja na nusu kwa upana wa mita moja na kidogo. Inatosha kumfunga mtoto mkubwa mgongoni. Kumfunga mchanga mbele, kwa mama mwenye mwili, haifiki. Fundo linabaki na ncha za kidole kimoja, na fundo la namna hiyo usiliamini. Mimi husema hivi: nunua kitenge cha pamba cha yadi sita, ambazo ni kama mita tano na nusu, kikate katikati kwa urefu, mpe fundi akunje kingo. Umepata mbeleko mbili ndefu, yako na ya dada yako.

Namna ya kukifunga: katikati ya kitenge ikae kifuani. Ncha mbili zipite chini ya makwapa, zipishane mgongoni, zipande mabegani na kushuka mbele kwa kupita ndani ya ile sehemu ya kifuani, ambayo sasa ni mfuko. Mpandishe mtoto begani, mteremshe taratibu ndani ya mfuko, vuta kitambaa hadi usawa wa shingo yake, kiingize na chini ya makalio mpaka nyuma ya magoti. Kaza ukingo mmoja mmoja huku mkono mmoja ukimshika muda wote. Mwisho, ncha zipishane chini ya makalio yake, kila moja ipite chini ya goti, zifungwe mara mbili nyuma ya kiuno chako. Ukiinama kidogo, mkono ukiwa mgongoni mwake, asiachane na kifua chako.

Anayeumia ni mama

Maumivu ya kiuno karibu siku zote yanatoka kwenye kimo: mtoto yuko chini mno, na wewe unajipinda kwenda nyuma kumsawazisha. Mpandishe. Bega likiuma, kitambaa kimejiviringa kama kamba. Kitandaze kifunike bega lote, na kama unafunga begani upande mmoja, leo kulia kesho kushoto.

Aliyejifungua kwa upasuaji asifunge mkanda wa kiunoni juu ya kidonda. Vibebeo vingi vya mikanda hukaa pale pale. Kwako wewe kitenge kirefu kinachobeba kwa mabega na mgongo ni bora, na muulize muuguzi kwanza lini uanze. Siku za mwanzo mwachie baba ambebe.

Matiti yakiwa magumu na kuuma upande mmoja, angalia kama mkanda au fundo linapita juu ya ziwa. Maziwa yakikandamizwa kwa muda yanaziba. Hamisha fundo, nyonyesha upande huo kwanza.

Jasho na joto

Dar es Salaam ya Februari, au Mombasa, wewe na mtoto kifuani mnapashana moto. Kitambaa kihesabu kuwa ni nguo: nepi na fulana moja nyepesi, basi. Gusa shingo yake kwa nyuma, mikono na miguu haikwambii ukweli. Ikiwa ya moto na yenye majimaji, mtoe, mnyonyeshe, kaeni kivulini. Akishatulia bila nguo nyingi na bado kipimajoto kinasoma 37.5 au zaidi, mtoto wa umri huu apelekwe kituo cha afya, msimsubirie.

Wa Njombe na Lushoto wana shida ya kinyume. Wanamviringisha blanketi nene kisha wanamfunga. Blanketi linajipanga na kubonyea, nafasi inazaliwa, mtoto anaporomoka ndani yake. Mfunge kwanza akiwa na nguo za kawaida na kofia, halafu mjifunike nyote wawili kwa nje, uso ukiwa wazi.

Amelala, ukimlaza kitandani anaamka

Si kosa la mbeleko. Wale watafiti wa Japani walirudia suala hili mwaka 2022. Ushauri wao ni kutembea naye dakika tano bila kusimamasimama, kisha kuketi naye amelala dakika tano hadi nane, ndipo umlaze.

Mtoto wako ni njiti, au ana kilo chini ya mbili na nusu

Usimtafutie kibebeo dukani. Vingi vimeandikwa kuanzia kilo tatu na kitu, na mtoto mdogo anazama ndani. Chake ni kukaa ngozi kwa ngozi kifuani, njia ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 hospitali ilipokosa mashine za joto za kutosha. Tanzania ilikuwa moja ya nchi tano za utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2021: watoto wenye uzito mdogo walioanza kangaruu mara baada ya kuzaliwa walifariki wachache kwa robo kuliko waliosubiri hali itulie. Shirika la Afya Duniani sasa linashauri saa 8 hadi 24 kwa siku. Wauguzi watakuonyesha namna ya kufunga kabla hujatoka wodini. Waombe warudie mpaka uweze mwenyewe.

Ukienda kununua

Nenda na mtoto, au na ule unga wa kilo mbili. Usinunue kwa picha ya kwenye boksi, hasa ile ya mtoto anayetazama mbele; huyo ni mkubwa, shingo imekaza. Pima kiti kwa kiganja: kwa mchanga kiti kiweze kupunguzwa upana, na mgongo wake ufike usawa wa shingo bila kufunika uso. Kombeo la mfuko mzito lenye lastiki kingoni, linalomkunja mtoto chini kwenye nyonga yako, liache hata ukipewa bure.

Karume au Gikomba, kwenye mitumba, kuna vibebeo vizuri sana. Vichunguze kama unavyochunguza kamba ya ndoo ya kisimani. Funga kila kibanio, kilie “ka!”, kisha kivute kwa mikono miwili. Vuta mkanda, uone kama unarudi wenyewe. Pindua kwa ndani, pitisha kidole kwenye mishono ya mabega na kiuno. Nyuzi zikiwa zimeanza kuachia, fundi wa mtaani asikushawishi kwamba atakazia. Uliza mto wa mtoto mchanga kama kilitoka nao, maana vingine bila huo havimfai mpaka afikishe miezi kadhaa. Tafuta lebo ya uzito. Lebo ikiwa imekatwa na muuzaji hajui, mrudishie akitundike.